Maiki ndogo ya Rode juu ya kamera yangu

Napiga video za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam, na kilichonipeleka dukani kutafuta maiki ni upepo wa bahari. Nilirekodi harusi ufukweni Kigamboni kwa maiki ya ndani ya kamera. Nilipofika nyumbani nikasikia upepo tu, na baba wa bibi harusi akitoa nasaha kama yuko kisimani. Nasaha zile hazirudiwi.

Sasa natumia Rode VideoMicro. Ina uzito wa gramu 42 na haina betri. Inavuta umeme kwenye kamera kupitia tundu la maiki la milimita 3.5. Inakuja na kofia ya manyoya, na hiyo ndiyo roho ya kifaa chenyewe. Niliipeleka ufukweni kulekule, kaskazi inavuma, manyoya yamelala upande mmoja, na kila neno likasikika hadi mwisho.

Lakini usitegemee ivute sauti ya mbali. Ukisimama mita tano kutoka kwa msemaji, utaokota ukumbi mzima: feni, vijiko, watoto. Mimi husogea hadi mita moja na nusu. Haina kitufe cha kupandisha au kushusha sauti, kwa hiyo zima mpangilio unaoifanya kamera ijirekebishie sauti yenyewe, upange kiwango cha sauti kwa mkono, kisha vaa hedifoni usikilize kabla MC hajaanza. Ukitaka kuitumia kwenye simu yenye tundu la hedifoni, nunua waya mwingine, wenye mistari mitatu kwenye ncha.