Injini ya utafutaji inayonijua: uzoefu wangu nikikomboa mizigo Mombasa

Kazi yangu ni kukomboa mizigo bandarini, na mingi ni vipuri vya magari. Simu yangu imeshanizoea hivyo. Nikiandika "bre" tu, breki za Toyota zimeshajipanga. Natumia injini ya utafutaji iliyokuja na simu, nimeingia kwa akaunti yangu, na historia ya utafutaji nimeiacha wazi muda mrefu.

Kwa mambo ya kila siku naipenda kwa dhati. Nakaa Likoni. Jioni nikitoka mjini, herufi mbili zinatosha kuniletea habari za feri, nikajua kama niharakishe kivukoni au nimalizie shughuli zangu kwanza. Hapo kuzoewa ni msaada mkubwa, maana ninachokitaka leo ndicho nilichokitaka jana.

Tabu huanza mzigo ukiwa mgeni. Mteja alileta hati za filta za kusafishia maji, na siku za bure bandarini zilikuwa ukingoni. Zikipita, gharama ya kuhifadhi kontena inaanza kuhesabika. Nikatafuta namba ya HS ya filta, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa forodhani. Ukurasa ukajaa filta za oili za injini, yaani 8421.23. Za maji ni 8421.21. Dada tunayefanya naye kazi, ambaye wateja wake wengi ni wa pampu na matangi, aliandika maneno yale yale kwenye simu yake, na za maji zikatokea juu kabisa. Tulikuwa meza moja, kwenye mtandao mmoja.

Tarakimu moja inaweza kubadilisha kiwango cha ushuru, na mtu mwenye haraka hateremki chini ya ukurasa. Huchukua la kwanza au la pili, basi. Ndiyo maana nasema kasoro hii inauma zaidi pale muda unapobana. Injini ya utafutaji inaangalia nilipo, lugha yangu, nilichotafuta asubuhi na nilichobonyeza. Lakini sijaona dalili kwamba inatofautisha kubonyeza kwa sababu nimeridhika na kubonyeza kwa sababu mteja ananisubiri kwenye simu. Vyote vinaingia kwenye historia, na kesho vinanirudia kama mapendeleo yangu.

Wengine hudhani kutoka kwenye akaunti kunatosha. Tangu Desemba 2009 Google ilianza kupanga matokeo kwa tabia hata kwa wasioingia kwenye akaunti, kwa kumbukumbu za hadi siku 180 zilizofungamana na kivinjari. Kilichonifaa ni dirisha la faragha la kivinjari (incognito): linaanza bila historia, ingawa mtandao bado unaonyesha takriban uko wapi. Pia, akaunti ya Google inakuruhusu kupanga historia ijifute baada ya miezi 3, 18 au 36. Nimechagua 3, kwa sababu mizigo inabadilika msimu hadi msimu.

Ningefurahi sana kuona kitufe kimoja tu juu ya ukurasa: "tafuta kama hunijui". Kuzima historia yote sitaki, feri naihitaji. Kwa sasa, namba yoyote ya HS naitafuta ndani ya dirisha la faragha, naandika "filta ya maji" badala ya "filta", halafu naihakiki kwenye kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kabla entri, yaani tamko la forodha la mzigo, haijaingia.