Mashamba ya viungo: Unguja au Pemba?

Kila likizo ikikaribia, hapa Tanga naulizwa swali hilihili, haya ngoja niseme.

Unguja, kule Kizimbani, kila kitu kishapangwa. Anayekutembeza anakubandulia gome la mdalasini unuse, anapasua zingifuri anakupaka mdomo mwekundu, mwisho kijana anapanda mnazi huku anaimba na wewe ushavishwa kofia ya makuti. Watoto watafurahi, ila ni kama maonyesho tu bana, na kutoka lazima upite kwenye meza ya pakti za viungo.

Pemba ndo kwenyewe. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikapona kiasi, na mpaka leo karafuu nyingi zinatoka huko. Mi nilifikia kwa shangazi Wete msimu wa kuchuma, harufu unaipata kabla hujaona mti, mikeka imetandazwa kila uwanja, wingu likijikusanya nyumba nzima inakimbia kuanua. Jioni tunakaa kuchambua, karafuu huku makonyo, vile vijiti vyake, kule, bibi mmoja akaniangaliaaa weee akasema "mwanangu, mbona makonyo unayarudisha mlemle?" Shamba lenyewe eka tatu, zile walizogawiwa watu baada ya mapinduzi ya 1964, chini ya mikarafuu kuna migomba na muhogo, ng'ombe kafungwa pembeni, samadi yake inaenda shambani.

Shida yake ni usafiri, boti ya Tanga haipo kila siku, na bila mwenyeji utazunguka tu. Una siku moja? Unguja. Una wiki, usiniulize tena.