Kinga Dhidi ya Kupe: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Watu wengi wanaotarajia kupita vichakani hukimbilia dawa ya kupaka mwilini, ilhali kupe haruki. Hungoja kwenye ncha ya jani mpaka adandie kiatu au suruali inayompitia, kisha hupanda juu akitafuta ngozi. Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa dawa ya nguo yenye permethrini ya asilimia 0.5. Hunyunyiziwa kwenye viatu, soksi na suruali, huachwa ikauke kabisa, nayo hubaki na nguvu hata nguo zikifuliwa mara kadhaa. Isipakwe mwilini kamwe, na wanaofuga paka waianike nguo mahali asipofika, kwa maana dawa hiyo ikiwa bado mbichi inaweza kumuua.

Nafasi ya pili ni ya kibano chenye ncha nyembamba, ingawa wengi hawakihesabu kuwa ni kinga. Bakteria wa Lyme, ugonjwa unaoenezwa na kupe, kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 24 za kupe kung'ang'ania mwilini ndipo waambukize, hivyo anayemng'oa mapema hujiepusha na mengi. Kabla ya kulipa, jaribu kushika unywele mmoja wa mkononi mwako: kibano kikiuachia, hakitamshika kupe mchanga, ambaye huweza kuwa mdogo kama mbegu ya mchicha. Mshike karibu kabisa na ngozi, umvute wima taratibu bila kumzungusha. Nakusihi usimpake mafuta wala kumchoma kwa moto, kwani kufanya hivyo humchelewesha kutoka na huweza kumfanya acheue vimelea ndani ya jeraha. Ukipata homa au upele katika wiki zinazofuata, mweleze daktari kwamba uliumwa na kupe.

Dawa ya kupaka inafuata. Kati ya viambato viwili vya kufukuza wadudu, DEET ya asilimia 20 hadi 30 na pikaridini ya asilimia 20, nachagua pikaridini, kwa sababu haiharibu miwani wala mkanda wa saa wa plastiki. Mafuta ya mkaratusi-limau yanafaa pia, ila wasipakwe watoto walio chini ya miaka 3.

Vifaa vinavyodaiwa kufukuza kupe kwa sauti usivinunue kabisa.

Mwenye mbwa amwombe daktari wa mifugo dawa inayolingana na uzito wake, na dawa hiyo ya mbwa asipewe paka.