Okidi ya ndani kwa nyumba ya Mwanza: ipi ununue kwanza, ipi uiache kitaluni

Kama una dirisha linalotazama mashariki na huna muda wa kubembeleza mmea, nunua okidi iitwayo Phalaenopsis. Kwa wengi wenu habari inaishia hapo. Wanaobaki ni wenye dirisha baya, wenye baraza zuri, na wale ambao macho yao yameshanaswa na picha ya okidi nyingine, Vanda, kwenye simu ya mtu.

Nawaandikia watu wa Mwanza kwa makusudi. Miongozo mingi ya okidi imeandikiwa Ulaya, ambako mtu anahangaika kuupa mmea joto huku nje kuna theluji. Sisi joto tumepewa bure. Mji uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,140, mchana nyuzi 27 au 28, usiku 17 au 18, na mwaka mzima hazitofautiani sana. Okidi za nchi za joto hazitaki zaidi ya hapo. Kinachoziua hapa ni jua la alasiri, chungu kisichopitisha hewa, na huruma ya mwenye nyumba anayemwagilia kila siku.

Tuanze na dirisha, maana ndilo linaloamua ununue nini. Utasoma mahali kwamba okidi iwekwe dirisha la upande fulani, kusini au kaskazini, kama vile jua halihami. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu chini ya ikweta. Mwezi wa sita jua linaingia kwa madirisha ya kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linaingia kwa ya kusini. La mashariki halibadiliki: linapata jua laini la asubuhi, na ikifika saa nne limeshaondoka kwenye majani. La magharibi ndilo adui, hasa ukikaa mlimani kwenye mawe. Jabali nyuma ya nyumba linaota jua mchana kutwa, halafu jioni linakurudishia lile joto kupitia dirishani. Kama huna dirisha jingine, weka pazia jepesi jeupe na usogeze mmea hatua moja ndani.

Ya kwanza: Phalaenopsis

Jina alilipa mtaalamu wa mimea Carl Ludwig Blume mwaka 1825, na maana yake ni "mfano wa nondo". Nondo mdudu, si nondo za kujengea. Ukiona ua jeupe limetandaza mabawa kwenye kikonyo kirefu utamwelewa. Asili yake ni misitu ya Asia, Ufilipino na Indonesia zikiwemo, na huko inakaa juu ya miti bila kuinyonya. Imeshika gome tu, mizizi iko hewani. Ukilijua hilo, umeshajua kwa nini inakufa ikipandwa kwenye udongo wa bustani. Na tafadhali, samadi iwekee mchicha.

Naiweka juu kwa sababu inavumilia mwanga mdogo kuliko wenzake, maua yake hukaa miezi miwili hadi mitatu, na inatoa ishara kabla haijafa. Mzizi mkavu una rangi ya fedha. Mwagilia, na ndani ya dakika chache utaona unageuka kijani mbele ya macho yako. Rangi ya fedha ikirudi, ndipo unamwagilia tena. Kwangu ni kila siku ya saba hivi, na masika huweza kufika siku kumi. Mwagilia asubuhi, na maji yasituame katikati ya majani. Pale kwenye moyo wa mmea ndipo uozo unapoanzia.

Kuhusu kuchagua, usinunue maua, nunua mizizi. Maua yataanguka tu. Shika chungu, utikise mmea taratibu. Ukicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, hauna mizizi, urudishe. Omba ulio kwenye kikopo cha plastiki kinachoonyesha ndani, ukigeuze pande zote: mizizi minene, ya kijani au ya fedha, ni mizima, ya kahawia na teketeke imeoza. Geuza na majani. Ukikuta vidudu vyeupe kama pamba vimejificha kwenye maungio, usiulaze nyumba moja na mingine. Jani liwe gumu, kijani cha wastani. Kijani kilichokolea kinapendeza, ila mara nyingi maana yake ni mmea uliokaa gizani. Kati ya mmea uliochanua wote na ule wenye maua matatu na vitumba sita, mimi nachukua wa pili.

Halafu kuna ile ya bluu kama sare ya shule. Imepigwa sindano ya rangi. Ukilipia zaidi kwa ajili ya hiyo bluu, msimu ujao itakuchanulia nyeupe.

Chunguza pia imepandwa kwenye nini. Nyingi zinaingia nchini zikiwa zimeshindiliwa kwenye moss, vijimea laini vilivyokaushwa vinavyonyonya maji kama sponji. Yangu ya kwanza nilinunua hivyo, ikiwa ndani ya chungu cha urembo kisicho na tundu, na muuzaji akaniapia kwamba haina shida kabisa. Miezi miwili baadaye niliinua jani la juu likanibakia mkononi. Siku hizi, maua yakishaisha, nahamishia kwenye vipande vya magome ya mipaina vikichanganywa na chenga za mkaa. Mama anayeniuzia mkaa alikuwa ananipa chenga bure mpaka alipojua nazipeleka kwenye maua, sasa ananitoza. Vipande viwe kama nusu ya kidole gumba. Unga wa mkaa upepete, unaziba hewa.

Jambo moja zaidi, kwa sababu lilinigharimu. Mgeni alitoka Bukoba na mkungu wa ndizi, tukauweka kwenye kona ya sebule uive. Wiki ile ile vitumba vyote vya Phalaenopsis yangu vikawa vya njano na kudondoka kimoja kimoja. Ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na vitumba vya okidi haviivumilii. Moshi wa jiko la mkaa nao una gesi hiyo hiyo. Kwa hiyo ndizi na jiko vikae mbali na hilo dirisha.

Kuchanua tena kunahitaji wiki kadhaa za usiku wenye baridi kidogo, nyuzi 16 hadi 18. Mwezi wa sita na wa saba acha dirisha wazi, upepo wa ziwani utafanya kazi hiyo bila gharama.

Ya pili: Dendrobium za Thailand

Mashina yake yamesimama kama vijiti vya miwa, yenye pingili. Hii ni ya dirisha lenye mwanga mwingi au baraza lenye paa. Ua linakaa wiki sita hadi nane, na mmea wenyewe ni mgumu kuliko unavyoonekana. Watu hukosea mara mbili. Kwanza wanaihamishia chungu kikubwa, wakati yenyewe inapenda kubanwa. Pili wanakata mashina ya zamani yaliyopukutisha majani wakidhani yamekufa, kumbe ndiyo ghala la maji na chakula, na pengine yangechanua tena. Ukikosa Phalaenopsis yenye mizizi mizuri, chukua hii bila kinyongo.

Ya tatu: Cattleya

Nzuri kwa anayesafiri sana. Mashina yake yamevimba kama vibuyu, yanatunza maji, kwa hiyo ukienda Ukerewe wiki mbili utaikuta. Kwao ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Ua ni kubwa na aina nyingi zinanukia, lakini hudumu wiki mbili, tatu ikijitahidi, kisha ungoje sana. Ulizia umri: mche mdogo utakuchukua miaka kabla hujaona ua.

Ya nne: Vanda

Hii ndiyo nzuri kuliko zote na sikushauri. Mizizi inaning'inia mitupu hewani, inataka kulowekwa kila siku, na kipindi cha kiangazi, Juni hadi Agosti, hata mara mbili. Inataka mwanga ambao sebule haina. Mwenye baraza linalotazama ziwa na mtu wa kushinda nyumbani ajaribu. Wengine tuiangalie kwenye simu.

Usinunue kabisa: iliyong'olewa porini

Utakutana na mtu anauza tita la okidi lenye maua ya njano yenye madoa ya kahawia kama chui. Ni Ansellia africana, mzaliwa wa miti yetu wenyewe. Ikitolewa porini huja na mizizi iliyokatwa na mara nyingi haiponi. Biashara ya kimataifa ya okidi za porini inabanwa na CITES, mkataba wa mataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, ulioanza kutumika mwaka 1975, na kuzing'oa hovyo kumeshaleta madhara Nyanda za Juu Kusini, ambako viazi vya okidi za ardhini huchimbwa kwa ajili ya chakula cha chikanda. Muulize muuzaji mmea ulioteshwa wapi. Akibabaika, endelea na safari.

Kuhusu mbolea sina mengi: ile ya maji ya kupulizia majani, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila baada ya wiki mbili. Maji ya bomba yetu hutoka ziwani na hayana shida. Ya kisima chenye chumvi yaache, tumia ya mvua.

Ukiagiza kutoka Dar au Arusha, usikubali mmea ulazwe kwenye buti la basi. Wangu ulikaa humo safari nzima, chini ya begi la mtu, ukafika na ua moja kati ya kumi na moja. Lipia upewe mtu wa kuubeba ndani, umefungwa gazeti, umesimama, mizizi mikavu. Ukifika, usihamishe chungu na usimwagilie siku hiyo. Uweke dirishani uulize mizizi kesho yake.