Banda la video Ngamiani, mtafsiri anajua kuwaliza watu

Watu wa Tanga mnaopenda muvi za kuliza nisikilizeni, kuna banda la video huku Ngamiani kwenye zile barabara za namba, Jumapili mchana wanaweka pembeni mambo ya ngumi na bunduki wanaonyesha muvi za huzuni tu, na kuna mtafsiri anakaa mbele na maiki anatafsiri papo hapo muvi ikiwa inaenda. Kiingilio mia tano mkubwa, mia mbili mtoto. Naandika kwa sababu naona wengi wanapadharau, mtu akisikia banda kichwani kwake ni kibanda umiza cha wahuni, jamani Jumapili pale wamejaa kina mama na madada na watoto wao, wababa nao wapo wamejikalia benchi za nyuma huko gizani na wanalia vilevile.

Kinachonipeleka mimi ni yule mtafsiri. Muvi zilizotafsiriwa tumekua nazo wote, sauti za kina Lufufu tumezisikia tangu enzi za mikanda, na kwenye muvi ya mapigano mimi nazipenda sana, mtafsiri akiongezea maneno yake mwenyewe ndo utamu wenyewe. Ila kwenye muvi ya kulia nyingi zinaharibu. Mtu anakata roho mikononi mwa mwanawe, muziki umeshuka, koo lako limeshakaba, mara unasikia "sasa hapa stelingi ndo anakwenda na maji", yaani machozi yanarudi yalikotoka. Huyu wa Ngamiani hana hiyo. Mwanzoni anaongea sana, anakwambia huyu ni nani, yule ana kinyongo gani, pa kuchekesha anachekesha kwelikweli, halafu kipande chenyewe kikikaribia anapunguza maneno, anapunguza, mpaka anaiweka maiki mezani. Unaisikia kabisa ile tok kwenye spika. Wazoefu wakisikia ile tok wanashika mitandio yao.

Niwape mfano wa The Champ, ya mwaka 1979, wengi hamjaiona maana ni ya zamani. Kuna bondia aliyewahi kuwa bingwa, Jon Voight huyo, ameishia kufanya kazi kwenye farasi wa mashindano huko Florida, pombe na kamari zimemwandama, na anamlea mwanae peke yake, mama alishaondoka. Mtoto ni Ricky Schroder, kadogo kana nywele za dhahabu, na yeye mtoto ndo anamwita baba yake Champ, yaani bingwa, kwake yule baba bado ni bingwa. Sasa baba anaamua kurudi ulingoni ili mtoto apate maisha, anapigana, anapigwa vibaya, anashinda, na anafia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mtoto yupo pale pale. Anamwambia amka Champ, amka, anamtikisa, anawageukia wakubwa waliomo chumbani mmoja mmoja kama kuna atakayemwambia si kweli, na hakuna anayeweza. Watafiti wa saikolojia wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, mwaka 1995 walichapisha utafiti wa vipande vya muvi vya kuamshia hisia watu wakiwa maabara, na kwa upande wa huzuni hiki kimo, mpaka leo kinatumika. Ni dakika kama tatu tu.

Mtafsiri pale alichofanya ni hivi. Ulingoni huku alikuwa anatangaza kama mtangazaji wa ngumi wa redioni, watu wanashangilia, watoto wamesimama juu ya benchi. Baba alipolazwa kwenye kile kitanda akasema kitu kimoja tu, "mtoto anamwambia baba yake waende nyumbani", tok, maiki mezani. Basi. Kuanzia hapo banda zima unamsikia yule mtoto wa kizungu analia kwa lugha yake na hakuna asiyemwelewa. Bi mkubwa mmoja mbele yangu alikuwa anasema "jamani mchukueni mtoto wa watu, mchukueni", anawaambia wale wa kwenye muvi. Mtoto alipopakatwa mwishoni na mama yake, yule aliyeondoka na sasa amerudi, yule bi mkubwa akashusha pumzi kwa sauti mpaka tukageuka.

Na hapo ndo nimeelewa kwa nini klipu za kwenye simu hazitoshi. Unaletewa kile kipande peke yake, unasikitika kidogo, unapeleka kidole juu unaendelea na mambo mengine. Machozi yanatengenezwa kuanzia mbali huko, saa nzima nyuma, pale ulipokuwa unacheka nao. Angalia Kal Ho Naa Ho ya 2003, Shah Rukh Khan anachekesha nusu ya muvi, anaingilia ndoa za watu, anaimba barabarani New York, wewe umeshampenda ndo unaambiwa moyo wake unaumwa na hatoboi. Kisha kile kipande cha stesheni anamsomea Preity Zinta kwenye daftari la rafiki yake, maneno mazito ya mapenzi, na kurasa ni tupu, hayo maneno ni yake yeye mwenyewe na anayatoa kwa niaba ya mwingine. Mtafsiri alitusomea maneno yote, vizuri, taratibu, akatuachia tuione ile kurasa tupu wenyewe, hakutuambia. Nilimpenda sana siku ile.

Titanic waliweka pia, ya 1997, ndefu zaidi ya saa tatu, wakakata mapumziko katikati watu wakanunua mihogo na juisi ya ukwaju. Wengi wanamsubiri Jack azame kwenye maji ya barafu, mimi naanza kulia mapema, pale wapiga vinanda. Meli inalala, watu wanakimbia, wale wameshaagana kila mtu aende zake, mmoja anabaki anaanza kupiga peke yake ule wimbo wa dini, wenzie wanageuka wanarudi. Na hiyo haikubuniwa hivihivi, meli ya kweli ilipozama Aprili 1912 ilikuwa na wanamuziki wanane na hakupona hata mmoja, watu walionusurika walisimulia kwamba walipiga mpaka mwisho. Hili mtafsiri alilisema kabla, kwenye mapumziko, sio wakati muziki unapigwa. Mtu anayefikiria namna hiyo anaijua kazi yake.

Ila nadhani banda lilivunjika hasa Bajrangi Bhaijaan ilipowekwa, ile ya Salman Khan ya 2015. Mtoto wa Kipakistani asiyeongea anapotea India, mama yake alimleta kumwombea dua apate sauti, Salman anaamua kumrudisha kwao bila pasipoti bila viza. Mwisho kabisa pale mpakani, theluji, Salman anavuka anarudi kwao, mtoto yuko upande wa pili wa waya anataka kumwita na sauti haitoki. Anafungua mdomo, hakuna kitu. Anafungua tena. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu alikuwa na mtoto mapajani na yeye midomo yake ilikuwa inafunguka pamoja na yule wa kwenye skrini. Sauti ikatoka, "Mjomba!", kwa Kihindi chao, na maiki ilikuwa mezani zamani. Banda lilipiga kelele kama Coastal wamefunga goli Mkwakwani, huku watu wanalia.

Marehemu bibi yangu alikuwa akinisimulia Mother India alivyoiona kwenye sinema ya Majestic, Nargis anampiga risasi mwanawe wa kumzaa kisha anampakata akifa, anasema watu walitoka sinema macho mekundu wakaenda hivyohivyo mpaka nyumbani na hakuna aliyemuuliza mwenzie una nini. Siku hizi kila mtu analia na simu yake chumbani. Kulia wengi pamoja kuna nafuu yake, unatoka pale kifua chepesi, na usipofika pale huwezi kuniamini.

Sasa kasoro, maana zipo. Joto. Feni ni mbili na moja inazunguka ikitaka, miezi ya Januari na Februari muwahi mkae upande wa dirishani. Benchi hazina egemeo, muvi ya saa tatu mgongo unauma, mzee mje naye na mto. Projekta picha yake imefifia upande wa kushoto. Spika ziko sawa, hapo sina neno. Na likitokea pambano kubwa la mpira ratiba ya Jumapili inakufa bila taarifa, mnafika mnakuta watu na jezi, hili waliangalie, waandike hata ubao nje, watu wanatoka Pongwe huko na nauli zao.

Kingine ningependa waongeze za kwetu. Waliweka ya Kanumba, watu walilia toka anatokea mara ya kwanza kwenye skrini akiwa anacheka, maana tunajua alivyotutoka ile Aprili 7, 2012, ana miaka 28 tu. Pale mtafsiri hana kazi, alikaa benchi na sisi. Nilimwomba atafute zaidi za Kibongo za miaka ile, akasema anakusanya, mwenye DVD halisi nyumbani ampelekee atairudisha.

Jumapili ijayo ni Taare Zameen Par ya Aamir Khan, yule mtoto asiyeweza kusoma herufi zinamchezacheza anapelekwa bweni kama adhabu. Walimu na wenye watoto wanaoitwa wazito darasani nawaomba mje hiyo. Inaanza saa nane mchana, saa saba na nusu benchi za mbele zimeshajaa, na kitambaa beba kabisa cha kwako.