Darasa la wakutubi wa chuo chetu: nyota nne, ya tano nimeibakiza

Nafundisha stadi za mawasiliano kwa mwaka wa kwanza katika chuo cha kilimo, wanafunzi 64. Huduma hii ya kumwita mkutubi afundishe utafutaji wa machapisho nimeitumia mara tatu, na walimu wenzangu wananiuliza kama inastahili kutoa kipindi kizima.

Mara ya kwanza haikustahili. Ilikuwa ile ziara ya wiki ya kwanza: hapa kaunta, kule magazeti, mikoba iachwe mlangoni, simu zizimwe. Watoto bado wanahangaika na vyumba na ada, nani atakumbuka rafu? Wiki ya sita nikauliza nani amerudi maktaba. Mikono minne. Wawili kati yao walifuata soketi ya kuchajia simu.

Mara ya pili nilimpelekea mkutubi maswali ya kazi ya muhula wiki mbili kabla, naye akaja akiwa ameyasoma. Kijana mmoja wa Tabora alikuwa na mada ya wadudu wanaomaliza mahindi ghalani. Ameandika Google "wadudu wa mahindi", kaletewa matangazo ya dawa tu. Mkutubi akavuta kiti.

"Kwenu huyo mdudu anaitwaje?"

"Scania, Madam." Darasa likaangua kicheko.

"Na bwana shamba anamwitaje?"

"Dumuzi."

"Na wanaomchunguza maabara?"

Kimya. Akamtuma kwenye rafu ya 632, namba ya vitabu vya magonjwa na wadudu wa mimea. Kijana akarudi na kitabu cha wadudu waharibifu, kidole kimebana ukurasa: Prostephanus truncatus. Ndipo mkutubi akamwonyesha kulifunga jina hilo kwa alama za kunukuu, kuongeza AND (yaani "na") kisha Tanzania, halafu kuunganisha jina la kitaalamu na la Kiingereza kwa OR (yaani "au"), maana waandishi hawatumii wote jina moja. Matangazo yakayeyuka, makala zikajipanga. Moja ikaeleza kuwa mdudu huyo asili yake ni Amerika ya Kati, na kwamba Afrika alionekana kwanza mkoani Tabora, miaka ya 1970 ikielekea ukingoni. "Kumbe alianzia kwetu!" Nadhani hiyo ndiyo kazi pekee mwaka ule ambayo mwenyewe aliiandika kwa hamu.

Siku hiyo hiyo na mimi nilifundishwa. AGORA, mlango wa machapisho ya kilimo ulioanzishwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2003, unafunguka kwa nywila ya taasisi, na chuo chetu kilikuwa nayo. Miaka minne nimekuwa nikiwasumbua marafiki walio Ulaya wanitumie makala!

Mara ya tatu mkutubi alichukua orodha ya marejeo ambayo mwanafunzi alitengenezewa na akili mnemba, akawaambia wayatafute yote matano. Mawili hayakupatikana popote: si kwenye katalogi, si Google Scholar, na jarida lenyewe toleo hilo halikuwa na ukurasa uliotajwa. Sikuhitaji kuhubiri tena.

Kasoro zipo. Kompyuta 20, zinazowaka 11, kwa hiyo darasa lazima ligawanywe, na mkutubi ni mmoja. Dakika ishirini za mwanzo huliwa na nywila zinazokataa. Kunukuu na kupanga marejeo, ambako ndiko watoto wanakoumia, kumesukumwa mwishoni wakati tumbo limeshaanza kuwaza wali maharage. Ningekuwa na sauti, sehemu hiyo ningeitengea kipindi chake. Ile karatasi ya maelekezo wanayogawa ina herufi ndogo kama mchele wa chenga.

Mkutubi mwenyewe simlaumu. Ukimwita bila kumpa kazi halisi ya wanafunzi, atakuletea ile ziara ya mikoba na simu, na kosa litakuwa lako. Nafasi ziombwe kabla ya wiki ya nne, na uende kwa miguu yako hadi dawati la marejeo. Barua pepe niliyotuma mwezi wa tatu bado nasubiri jibu lake.