Kozi ya wanaoanza mbio za magari: bendera zimeushinda usukani

Klabu iliyoandaa kozi hii ya mbio za magari za ridhaa ina sharti ambalo wengi wetu hatukulipenda tulipolisikia: kabla ya kuketi nyuma ya usukani, kila mwanafunzi sharti atumikie siku nzima akiwa marshali wa kujitolea, yaani msimamizi anayewaonya madereva kwa bendera kando ya njia. Sasa nimeimaliza, nami naona kuwa siku hiyo ya marshali ndiyo inayostahili sifa, ilhali siku ya kuendesha, ambayo ndiyo iliyotuvuta, ina kasoro nyingi.

Somo la bendera lilifundishwa kwa ustadi. Mkufunzi hakuridhika na sisi kukariri rangi. Alimtaka kila mtu aeleze dereva anayeiona bendera hiyo anapaswa kufanya nini papo hapo. Njano moja inayopeperushwa humwamuru apunguze mwendo na asimpite mwenzake. Njano mbili kwa pamoja humwambia awe tayari hata kusimama, kwa kuwa njia imezibwa yote au kwa sehemu. Njano yenye milia myekundu huonya juu ya utelezi. Nyekundu, inayosimamisha kila kitu, haitolewi kwa hiari ya marshali bali kwa amri ya mkuu wa mashindano.

Kituoni tulipangwa wawili wawili. Mwenye bendera ya bluu hutazama magari yanayokuja, ili amjulishe dereva kwamba aliye nyuma yake ana kasi zaidi; mwenye njano hutazama upande magari yanakoelekea, na kwa mkao huo kila mmoja huulinda mgongo wa mwenzake. Bendera isiyotumika hushikwa ikiwa imekunjwa, upepo usije ukatoa amri ambayo hakuna aliyeikusudia, na ovaroli huwa za rangi ya machungwa ili marshali mwenyewe asidhaniwe kuwa bendera. (Aliyekuja na fulana nyekundu aliambiwa aivue au aifunike, na hakuna aliyecheka.) Zoezi la mtungi wa kuzimia moto lilikuwa fupi mno: tulifundishwa kusimama upande upepo unakotokea na kulenga chini, penye chimbuko la moto, lakini kila mtu alipewa nafasi moja tu.

Siku ya kuendesha ilikuwa mbio za kupita kati ya koni, ambazo ni mahali salama pa kuanzia kwa sababu kila dereva hukimbia peke yake akishindana na saa. Mafundisho yenyewe yalikuwa mazuri: kufunga breki gari likiwa limenyooka, kisha kuiachia polepole kadiri usukani unavyogeuzwa, kwa kuwa tairi linalotakiwa kupunguza mwendo na kugeuka kwa nguvu zote kwa wakati mmoja hushindwa yote mawili. Tatizo ni kwamba wanafunzi walikuwa wengi kuliko magari, foleni ilikuwa ndefu, na maoni ya wakufunzi yalitolewa jioni, wakati ambapo mtu hakumbuki tena alichokifanya kwenye kona gani.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, inahusu helmeti. Barua ya mwaliko ilitaja helmeti bila kueleza ya aina gani, hivyo baadhi ya wenzetu walinunua za pikipiki na zikakataliwa kwenye ukaguzi. Helmeti ya mbio za magari yenye alama ya SA2020 ya Snell, shirika linalopima usalama wa helmeti, hupimwa pia kwa uwezo wa bitana yake kustahimili moto na kwa kugongwa kwenye nguzo za kizimba cha ndani ya gari, vipimo ambavyo M2020 ya pikipiki haina. Sentensi moja katika barua ile ingewaepushia hasara.

Kwa sasa, anayetaka kuujua mchezo huu kwa karibu ajiandikishe kwa siku ya marshali peke yake, jambo ambalo klabu inaliruhusu. Anayetaka usukani aulize kwanza magari yatakuwa mangapi na wanafunzi wangapi.